Mwongozo kamili wa kujiandaa kwa chemsha bongo ya tivi ukiwa huku kwetu Kisumu, Nakuru na magharibi

Swali lililonitoa lilikuwa la ziwa. Mimi ni mtoto wa Kisumu, nimelelewa Nyalenda, nimekula samaki wa hilo ziwa tangu nianze kutafuna, na swali lililonitoa kwa tivi likawa la ziwa. Mtangazaji akaanza, "Ziwa lipi barani Afrika..." na kidole changu kilikuwa kishabonyeza batani, nikasema Victoria kwa sauti kubwa kabisa, halafu akamalizia swali lake polepole, "...lenye kina kirefu kuliko yote?" Jibu ni Tanganyika. Tanganyika inashuka karibu mita 1,470, Victoria yetu haifiki hata mita 100. Na hiyo kitu nilikuwa naijua tangu darasa la saba, hiyo ndio iliniuma njia nzima kurudi nyumbani.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikisoma venye haya mashindano yanafanya kazi, na Alhamisi jioni tunakutana watu sita saba kwa kibanda cha chai pale Kondele tunaulizana maswali. Kitu nimejifunza ni hiki, wengi wetu tunaanguka tukiwa na jibu ndani ya kichwa. Liko, lakini halitoki kwa wakati, ama linatoka lingine kwanza. Kwa hivyo huu mwongozo una mambo mawili, kutafutia kila jibu mahali pa kukaa kichwani, na kuzoea kulitoa ukiwa umebanwa. Nitaenda hatua kwa hatua, zingine nitakaa sana, zingine ni fupi tu.

Hatua ya 1: Jua ni mchezo gani unaenda kucheza

Watu wanasema tu "chemsha bongo" lakini haziko sawa. Kuna ile ya ngazi, maswali yanapanda na pesa zinapanda, unapewa majibu manne uchague moja, kama ile Who Wants to Be a Millionaire? iliyoanza Uingereza mwaka 1998 ikasambaa dunia nzima. Hapo hakuna anayekukimbiza sana, unapambana na hofu yako mwenyewe. Halafu kuna ile ya batani, mnasimama wawili watatu, wa kwanza kubonyeza ndio anajibu, kama Jeopardy! ya Marekani. Halafu kuna ya timu, kama University Challenge ya Uingereza iliyoanza 1962, na huku kwetu wengi mnakumbuka Celtel Africa Challenge, baadaye ikaitwa Zain Africa Challenge, ile ya wanafunzi wa vyuo vikuu John Sibi-Okumu akiuliza maswali na ile sauti yake.

Tazama vipindi kama kumi vya hilo shindano lako kabla hujasoma kitu chochote. Kaa na daftari, chora mistari, kila swali liandikie ni la nini: jiografia, michezo, siasa, sayansi, muziki, Biblia, lugha. Kuna Mmarekani anaitwa Roger Craig alifanya hivyo kwa kompyuta, akapanga maswali ya zamani ya Jeopardy! kwa makundi akaona yanayorudi sana ni yapi, akasoma hayo, na mwaka 2010 akachukua dola 77,000 kwa siku moja. Wewe huhitaji kompyuta, daftari ya mistari inatosha. Ukiona kwa vipindi kumi maswali ya miji mikuu yametoka mara tisa na ya opera mara moja, utajua wiki yako iende wapi.

Hatua ya 2: Anza na kwenu

Hapa ndipo nitakaa sana kwa sababu ndio hatua watu wanaruka. Mtu anajua anaenda kwa tivi anaanza kukariri miji mikuu 190 kama anasoma orodha ya wapiga kura, wiki mbili baadaye yote imetoka. Jibu linahitaji msumari wa kutundikwa. Na misumari yenye nguvu iko hapa hapa, kwa sehemu unapita kila siku.

Chukua Maseno. Ukitoka Kisumu ukielekea Busia unapita ile alama ya ikweta, kila mtu amewahi kuiona akiwa kwa matatu. Simama hapo kwa akili yako, angalia magharibi uanze kutembea juu ya huo mstari. Unaingia Uganda, halafu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, halafu Kongo ile ya Brazzaville, Gabon, unaingia bahari unagusa kisiwa cha São Tomé na Príncipe, unavuka Atlantiki unaingia Brazil, Colombia, Ecuador, na hiyo Ecuador jina lenyewe ni "ikweta" kwa Kihispania. Unavuka Pasifiki yote hadi Indonesia, unavuka Bahari ya Hindi unafika Somalia, unarudi Kenya. Nchi 11 ambazo mstari unapita kwa ardhi yake, na hukukariri hata moja, umetembea tu. Sasa mtego wenye watunga maswali wanaupenda: Guinea ya Ikweta haimo! Mstari unapita baharini katikati ya bara na kisiwa chake cha Annobón, ardhi yenyewe hauigusi. Hiyo niliuliza Alhamisi moja watu wote wakaanguka, na tangu siku hiyo hakuna aliyeisahau.

Chukua ziwa sasa. Victoria ni kama kilomita za mraba 68,800, kubwa kuliko yote Afrika, na kwa maji baridi duniani ni ya pili kwa ukubwa baada ya Superior ya Amerika Kaskazini. Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke aliliona mwaka 1858. Maji yanatoka Jinja yanakuwa Nile Nyeupe, yanakutana Khartoum na Nile ya Buluu iliyotoka Ziwa Tana kule Ethiopia, yanaenda pamoja hadi Mediterania. Mbuta tunayokula si mwenyeji, aliletwa ziwani miaka ya 1950. Halafu ukishamaliza Victoria ndio unaweka pembeni yake Tanganyika yenye kina, na juu ya Tanganyika unaweka Baikal ya Urusi, ndio yenye kina kuliko yote duniani, zaidi ya mita 1,600. Unaona? Msumari mmoja, maswali nane.

Reli ni ingine. Ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika ziwani Desemba 1901, na mwisho wa reli ukaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa msimamizi mmoja wa ujenzi. Hapo ndio Kisumu. Simba wa Tsavo waliokuwa wakila wafanyakazi ni 1898, na ukijua reli ilikuwa wapi mwaka gani huwezi kukosea, lazima iwe kati ya Mombasa na Nairobi. Kisumu ikawa jiji 2001, Nakuru ikapewa hadhi ya jiji Desemba 2021 ikawa ya nne, Eldoret ikafuata Agosti 2024.

Watu wa Kakamega nyinyi mna dhahabu. Miaka ya 1930 watu walimiminika huko kuchimba dhahabu, na dhahabu kwa kemia ni Au, kutoka aurum ya Kilatini. Ukishashika hiyo unapanga zile zingine zinazosumbua watu: chuma ni Fe, risasi ni Pb, zebaki ni Hg, sodiamu ni Na, potasiamu ni K, zote herufi zake hazifanani na jina la Kiingereza kwa sababu ziko na jina la kale nyuma yake.

Watu wa Siaya mna Kogelo, nyumbani kwa babake Barack Obama, rais wa 44 wa Marekani, aliapishwa 20 Januari 2009 na mwaka huo huo akapata Nobeli ya Amani. Kutoka hapo nenda kwa Wangari Maathai, 2004, mwanamke Mwafrika wa kwanza kupata hiyo ya amani, halafu Albert Luthuli wa Afrika Kusini 1960, Mwafrika wa kwanza kabisa kupata hiyo ya amani. Ya fasihi ni Wole Soyinka 1986, na Abdulrazak Gurnah aliyezaliwa Zanzibar, 2021.

Nakuru mna bonde la ufa, kreta ya Menengai, na flamingo. Kwa nini flamingo ni waridi? Rangi inatoka kwa chakula, mwani wa ziwa la magadi una rangi inayoingia mpaka kwa manyoya. Na kwa vile Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, maji ya chai yanachemka kama nyuzi 94, hayafiki 100, hiyo 100 ni ya usawa wa bahari. Mama mwenye kibanda chetu aliwahi kuishi Nakuru, nilipomwambia hii akasema ndio maana maharagwe kule yanakula makaa. Ni hivyo hivyo kabisa.

Kwa hivyo kazi ya wiki ya kwanza: andika sehemu kumi unazozijua kwa macho, kila moja itafutie maswali matano yanayotoka hapo kwenda nje duniani.

Hatua ya 3: Soma vitabu vya watoto

Najua inasikika vibaya lakini niamini. James Holzhauer, yule Mmarekani aliyeshinda Jeopardy! mara 32 mfululizo mwaka 2019 na akachukua dola 131,127 kwa kipindi kimoja, amesema mwenyewe alikuwa anasomea sehemu ya watoto ya maktaba. Sababu iko wazi, kitabu cha mtoto kinakupa kile kitu muhimu zaidi kuhusu jambo fulani, kwa maneno machache na picha, na mtunga swali anatafuta hicho hicho kitu.

Sisi tuko na bahati, vile vitabu vya zamani vya GHC (jiografia, historia na uraia) na vya sayansi vya 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, viko kila mahali kwa wauza vitabu wa barabarani kwa bei ya chai na mandazi, kwa vile mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa darasa la nane, ulifanywa 2023 na hakuna mtoto anayevihitaji tena. Nunua cha darasa la sita, saba na nane. Mfupa mdogo zaidi uko sikioni, mtu mzima ana mifupa 206, ngozi ndio ogani kubwa zaidi, yote iko humo. Ila takwimu zake ni za zamani, hiyo nitaisema mbele. Maktaba za umma ziko Kisumu na Nakuru pia, ingia meza ya ensaiklopidia ukae.

Hatua ya 4: Kadi na boksi ya viatu

Kusoma mara kumi hakukusaidii kama kuulizwa mara tatu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaandika 1885 kwamba kitu kipya kinatoka kichwani haraka sana siku za kwanza, halafu kasi inapungua, na kila ukikirudia kinakaa zaidi. Baadaye Sebastian Leitner, miaka ya 1970, akatengeneza mpango wa masanduku. Hivi ndio mimi naufanya.

Nunua karatasi moja ya manila, ikunje uikate vipande vidogo kama kadi za karata. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu, kwa biro, herufi kubwa. Chukua katoni ya viatu uikate vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Kadi zote mpya zinaanza chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza unakiuliza kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu siku nne, cha nne kila wiki, cha tano kila wiki mbili. Ukipata, kadi inasonga mbele chumba kimoja. Ukikosa, hata kama ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza, usiihurumie.

Kadi moja, jibu moja. Usiandike "Niambie kuhusu Kip Keino." Andika "Kip Keino alishinda dhahabu ya mbio gani Mexico 1968?" (mita 1,500), na kadi ingine "Na Munich 1972?" (mita 3,000 kuruka viunzi na maji). Na zigeuze pia, kwa sababu swali linaweza kuja kinyume. Ukijua mji mkuu wa Burkina Faso ni Ouagadougou hakikisha pia ukisikia Ouagadougou unasema Burkina Faso bila kupumua.

Jibu kwa sauti. Hii watu wanadharau sana. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, ndiye ananiuliza kadi zangu akija likizo, na siku moja akaniambia, "Anko, wewe ukijua unasema haraka, na usipojua unasema haraka zaidi." Nilinyamaza. Ilikuwa ukweli mtupu, na ndio kosa lililonitoa kwa tivi.

Hatua ya 5: Vikumbusho, lakini vya lugha yako

Orodha zenye mpangilio zinahitaji sentensi. Wengi wanakariri za Kiingereza na zinapotea kwa sababu si lugha wanayoota nayo. Sayari ziko nane, Pluto ilitolewa 2006: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptune. Sisi tunasema Zawadi Za Dada Maria: Mayai, Zabibu, Ugali, Ndizi. Imekaa. Tengeneza zako, hata zikiwa za ajabu, ndio vizuri.

Kwa kaunti 47 kuna njia rahisi zaidi, namba zinaenda kama safari, 001 ni Mombasa na 047 ni Nairobi, na sisi huku tumepangana karibu na mwisho: Nakuru 032, Kakamega 037, Vihiga 038, Bungoma 039, Busia 040, Siaya 041, Kisumu 042, Homa Bay 043, Migori 044, Kisii 045, Nyamira 046. Fuata ramani kwa kidole utaona ni kama unatembea kutoka msitu wa Kakamega unazunguka ziwa.

Hatua ya 6: Majibu yanayobadilika

Hapa vitabu vya zamani vitakuangusha, na mtunga swali anajua hivyo. Weka ukurasa mmoja wa daftari, uandike juu "VILIVYOBADILIKA", kila ukisikia habari unaongeza. Wangu unaanza hivi: Swaziland ikawa Eswatini 2018. Macedonia ikawa Macedonia Kaskazini 2019. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Astana, ukawa Nur-Sultan 2019, ukarudi Astana 2022. India ilipita China kwa idadi ya watu 2023. Jumuiya ya Afrika Mashariki si tatu tena wala tano, ni nane: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo ile ya Kidemokrasia iliyoingia 2022, na Somalia 2024. Nchi mpya zaidi Afrika ni Sudan Kusini, 9 Julai 2011. Sayari yenye miezi mingi ni Zohali, mwaka 2025 ilifika 274, mimi shuleni niliambiwa Mshtarii.

Na rekodi za riadha kagua wiki ile unaenda kurekodi, hiyo ni lazima, sisi ni Wakenya ukikosea riadha kwa tivi utasikia hadi mazishini. Zile za kihistoria hazibadiliki ndio uzishike kwanza: Wilson Kiprugut shaba mita 800 Tokyo 1964, medali ya kwanza ya Kenya Olimpiki, Naftali Temu dhahabu ya kwanza, mita 10,000, Mexico 1968, Eliud Kipchoge marathoni kwa saa 1:59:40 Vienna 2019, ambayo haikuhesabiwa rekodi rasmi, Faith Kipyegon dhahabu tatu za mita 1,500 mfululizo, Rio, Tokyo na Paris.

Hatua ya 7: Sikiliza swali hadi neno la mwisho

Kosa langu ni hili kwa hivyo nisikilizeni. Swali lina neno moja ambalo ndio swali lenyewe, na mara nyingi liko mwisho. Kubwa, refu, lenye kina, la kwanza, la mwisho, ama hata "si". Kwenye mazoezi fanya hivi: kabla hujajibu rudia hilo neno moja kwa sauti. "Kina." Halafu jibu. Tulifanya hivyo mwezi mzima pale Kondele, watu wa meza za jirani wakidhani tumepagawa, na makosa ya haraka yakapungua kabisa.

Zijue jozi za kukuchanganya. Mlima mrefu Afrika ni Kilimanjaro, mita 5,895, na wa Kenya ni Mlima Kenya, kilele ni Batian mita 5,199, siyo Lenana, Lenana ndio watalii wanapanda. Elgon wetu wa Bungoma na Trans Nzoia unafika mita 4,321 lakini kilele chake Wagagai kiko Uganda. Miji mikuu: Australia ni Canberra, Brazil ni Brasília tangu 1960, Uturuki Ankara, Nigeria Abuja tangu 1991, Tanzania Dodoma. Mtego ni uleule, mji unaoujua kwa mpira ama kwa sinema kumbe sio mji mkuu.

Kama ni majibu manne, usiyaangalie kwanza. Sikiliza swali, jibu kichwani, halafu tafuta jibu lako liko wapi. Likiwa halipo ndio unaanza kuondoa, la kwanza kuondoa ni lile lisiloingia kwa miaka. Kama swali ni la karne ya 19 na mtu alizaliwa 1920, toa.

Hatua ya 8: Kelele, taa na kidole

Nyumbani kimya kila mtu ni profesa. Fanya mazoezi mahali pana kelele, sisi ndio maana tunatumia kibanda, bodaboda zinapiga honi, redio iko juu, mtu anaitisha chapati, na wewe unatakiwa kutaja mwaka wa kuanzishwa kwa OAU, ule umoja wa nchi za Afrika wa zamani (25 Mei 1963, Addis Ababa). Simama wima. Weka taa ya simu usoni. Ukizoea hapo, studio itakuwa afadhali.

Kwa michezo ya batani, ujue sheria ya mapema. Kwenye Jeopardy! ukibonyeza kabla mwulizaji hajamaliza unafungiwa kama robo ya sekunde, na robo ya sekunde hapo mwenzako ashachukua. Kwenye University Challenge unaruhusiwa kukatiza lakini ukikosea unapoteza pointi 5. Uliza mapema sheria ya shindano lako ni gani. Kwa mazoezi sisi tunatumia sufuria na kijiko, mbele ya kila mtu moja, anayegonga kabla swali liishe anakaa nje maswali mawili. Kwa sababu ya kidole changu ilibidi nikae nje mara nyingi sana mwanzoni.

Hatua ya 9: Hesabu ya pesa na ya msaada

Hii ni ya mchezo wa ngazi. Fanya hii hesabu nyumbani, ukifika kule hutaweza. Mfano tu: una 50,000 mkononi, ukipata inakuwa 100,000, ukikosa unaanguka hadi 10,000. Ukipata unaongeza 50,000, ukikosa unapoteza 40,000. Kugawanya 40 kwa 90 (yaani 40 na 50 pamoja) ni kama asilimia 44, nafasi yako ya kupata ikiwa chini ya hapo usijaribu, kwa hivyo ukiwa hujui kabisa kati ya majibu manne, nafasi yako ni asilimia 25, chukua pesa uende. Ukishaondoa mawili kwa uhakika uko 50 kwa 50, hesabu inasema jaribu, kwa tofauti ndogo. Lakini hesabu haijui karo yako. Kama hiyo 50,000 ndio inarudisha mtoto shule Jumatatu, mimi ningekuambia ichukue, na hakuna mtu wa kukucheka.

Msaada wa watazamaji, ule wa wao kukupigia kura ya jibu, utumie mapema, kwa mambo ya kila siku, muziki, mpira, chakula, maana wengi wakiwa wanajua kura inaonyesha wazi. Kwa swali gumu watazamaji nao wanabahatisha kama wewe. Wa kupiga simu mchague kwa somo, siyo kwa undugu. Mwalimu wa sayansi mmoja, mtu wa siasa na historia mmoja, na kama sheria inakubali mmoja tu, yule mwenye mtandao mzuri na asiyeongea sana. Sekunde ni kama 30. Fanyeni mazoezi kabisa kwa simu: soma swali, soma majibu, mwambie aseme herufi na uhakika wake kwa mia. "B, tisini." Basi. John Carpenter, wa kwanza kushinda milioni kwenye Who Wants to Be a Millionaire? ya Marekani mwaka 1999, alimpigia babake kwa swali la mwisho kumwambia tu kwamba anaenda kushinda, jibu alikuwa nalo (lilikuwa Richard Nixon). Hivyo ndio inakuwa ukifika juu na msaada bado uko mfukoni.

Mtangazaji akikuuliza "Una uhakika?" usisome uso wake. Anauliza wanaopata na wanaokosa.

Hatua ya 10: Kuomba nafasi na safari

Fuata tangazo kwenye stesheni yenyewe ama kurasa zake, siyo ujumbe uliotumwa kwa kikundi cha WhatsApp. Mtu akikupigia akisema umechaguliwa tuma elfu mbili ya kusajiliwa kwa M-Pesa, kata simu, piga stesheni uulize. Kwa usaili wanataka mtu anayejua na anayeongea, andaa sentensi tatu kuhusu wewe, unatoka wapi, unafanya nini, pesa utafanyia nini, useme ukitabasamu.

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni karibu kilomita 350, usisafiri usiku wa kuamkia kurekodi. Nenda siku moja kabla, lala kwa ndugu. Nguo ya rangi moja, mistari midogo midogo inacheza kwa kamera. Kula ugali wa kawaida, usijaribu chakula kipya. Kadi siku hiyo pitia chumba cha kwanza na cha pili peke yake, halafu funga katoni. Kurekodi kunachelewa, unaweza kukaa saa nne ukingoja, beba maji na karanga na usikubali kubishana maswali na wenzako kwa foleni maana ukikosa moja hapo utaingia ukiwa umetetemeka.

Ukitoka, umeshinda ama umeanguka, kabla hujapigia mtu yeyote simu, kaa kwa kiti cha matatu uandike maswali yote uliyosikia siku hiyo, yako na ya wenzako. Ukifika nyumbani kila moja linakuwa kadi, chumba cha kwanza. Ile yangu ya kwanza imeandikwa "Ziwa lenye KINA Afrika?", na neno kina nimelipiga mstari mara tatu hadi biro ikatoboa manila.